Msanii Mgeni na Nchi ya Dhahabu

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Buseresere, Wilaya ya Chato, Mkoa wa Geita



Lengo la mhadhara ni moja. Umeenea duniani utaratibu wa kumwalika msanii akae mahali pasipo kwao, kwa wiki kadhaa au hata miaka miwili, apewe pa kulala, pa kufanyia kazi na posho. Waandaaji huuita ukaazi wa wasanii. Wachoraji, wachongaji, wapiga picha na watengenezaji wa video wa leo hufanya nini hasa wakiwa kwenye ukaazi huo? Nani hufaidika? Na kwa nini mji kama Buseresere uwe na neno la kusema kabla mgeni wa kwanza hajashuka kwenye basi na begi lake la rangi?

Msimamo usemwe mapema, ili wenye haraka ya kurudi dukani wasiukose. Ukaazi wa msanii upimwe kwa kile kinachobaki kwa wenyeji. Wachimbaji waliomo humu wanaijua hesabu hii kuliko profesa yeyote. Mtu hushusha viroba vyake vya mawe kwenye karasha, akasaga, akaosha kwenye mwalo, akakamata kwa zebaki, akaondoka na punje yake amefurahi. Lakini dhahabu nyingi ingali kwenye marudio, na marudio anabaki nayo mwenye mtambo, ambaye atayachenjua kwa sayanaidi. Katika sanaa, marudio ni michoro ya awali, picha zilizopigwa, sauti zilizorekodiwa, ujuzi uliookotwa na majina ya watu waliozungumza. Katika hoja zote nne za leo swali ni hilo: nani anaondoka nayo?

Hoja ya kwanza: Anachopewa msanii ni muda

Wengi hudhani msanii akialikwa nje amekwenda kuonyesha kazi alizokwisha kuzifanya, apigiwe makofi, arudi na cheti. Hayo ni maonyesho. Kwenye ukaazi msanii aghalabu hufika mikono mitupu, na wiki za mwanzo hazionyeshi kitu. Anatembea mitaani. Anauliza gundi inauzwa wapi, waya bei gani, nani ana mashine ya kuchomelea. Anaharibu karatasi. Mwishoni waandaaji hufungua milango ya studio kwa siku moja au mbili, watu wa mtaa wakaingia kutazama kazi zilizokamilika na zile zilizokwama njiani, na mara nyingi zilizokwama ndizo huzua mazungumzo marefu zaidi.

Studio Museum in Harlem ya New York, iliyofunguliwa mwaka 1968, imejijengea jina kwa kutoa studio na posho kwa wasanii wachache wenye asili ya Afrika kila mwaka. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alikuwa humo mwaka 2003 hadi 2004, kabla sanamu zake hazijajulikana dunia nzima. Rijksakademie ya Amsterdam, taasisi ya tangu mwaka 1870, hukaribisha wasanii wapatao hamsini kwa wakati mmoja na huwapa mafundi wa rangi, wa chuma na wa udongo wa kuwasaidia. Hakuna mtihani mwishoni. Mtu analipwa ili afikiri kwa mikono.

Upande wetu wa dunia mambo hayakuanzia kwenye majumba ya fahari. Mwaka 1965, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alianzisha pamoja na wenzake Paa ya Paa jijini Nairobi, mahali ambapo wasanii walionyesha kazi, wakalala na kubishana. Mwaka 1982 mchongaji Mwingereza Anthony Caro na rafiki yake Robert Loder waliwakusanya wasanii kwa wiki mbili huko Pine Plains, katika jimbo la New York, bila mwalimu na bila zawadi ya mshindi. Wazo hilo likasafiri: Thupelo nchini Afrika Kusini mwaka 1985, kisha Kuona Trust mwaka 1995, iliyoanzia ndani ya uwanja wa Makumbusho ya Nairobi. Kuona ilipoyumba zaidi ya miaka ishirini baadaye, wasanii waliokuwa na studio humo hawakutawanyika. Waliunda Kuona Artists Collective wakaendelea. Dar es Salaam ilipata Nafasi Art Space mwaka 2008, studio zikiwa ndani ya makontena ya meli pale Mikocheni. Kampala ikapata 32° East mwaka 2011.

Wazee wa Kizinza waliopo humu wana haki ya kuuliza kama jambo hili ni geni kiasi hicho. Katika nchi hii hii ya Uzinza walikuwapo Warongo, wayeyusha chuma waliopiga kambi porini, karibu na mawe ya chuma na miti ya kuchomea makaa. Mwanaakiolojia Peter Schmidt, aliyefanya utafiti miongoni mwao miaka ya 1970 na 1980, alieleza chama cha ufundi kilichounganisha watu wa asili mbalimbali, wenye miiko yao na dawa zao za tanuri. Ufundi ulipatikana kwa kukaa. Na majembe yao yalifika hadi Usukuma, kwa hiyo kila aliyelima alijua kambi zile zilikuwa zinafanya nini. Ni sifa ambayo studio nyingi za leo hazina.

Muda huo una mlipaji. Fedha za ukaazi hutoka kwenye mifuko ya serikali za Ulaya, wakfu za matajiri, majumba ya makumbusho, na mara nyingine makampuni yanayotaka majina yao yasemwe kwa uzuri. Mlipaji naye ana matakwa yake. Ukialikwa, uliza nani analipa; ukialika, sema mapema. Hapo hapahitaji maelezo marefu.

Hoja ya pili: Mahali huingia ndani ya kazi

Kwa watu wa ukanda wa madini, mfano mzuri kuliko yote hautoki Paris wala New York. Unatoka Lubumbashi, mji wa shaba ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mgodini. Sammy Baloji alizaliwa huko mwaka 1978. Alikulia kwenye kivuli cha Gécamines, shirika la serikali lililorithi migodi ya kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, kisha likaporomoka. Mwaka 2006 alitengeneza mfululizo unaoitwa Mémoire. Alichukua picha za zamani za kampuni, nyeusi na nyeupe, zenye wafanyakazi waliopangwa mstari mbele ya kamera ya mkoloni, akawakata, akawabandika juu ya picha zake mwenyewe za rangi zinazoonyesha viwanda vilivyooza. Watu waliojenga ule utajiri wakasimama tena kwenye magofu yake.

Mwaka 2008 alialikwa kukaa na kufanya kazi kwenye makumbusho ya Tervuren, nje kidogo ya Brussels, ambako Wabelgiji walirundika vitu na nyaraka za Kongo. Alikwenda moja kwa moja kwenye maktaba ya picha. Alikutana na kumbukumbu za msafara wa Charles Lemaire, aliyepita Katanga kati ya mwaka 1898 na 1900 akiwa na mpiga picha François Michel na mchoraji Léon Dardenne. Picha na michoro ya rangi za maji ya watu hao wawili iliingia kwenye kazi zake mpya, zilizoonyeshwa hapo hapo Tervuren mwaka 2011 pamoja na maandishi ya mwenzake wa Lubumbashi, Patrick Mudekereza. Tafakarini hilo. Mtoto wa Katanga alisafiri hadi Ubelgiji kutazama Katanga. Kilichomngoja kule kilikuwa kumbukumbu zilizochukuliwa kwao kabla babu zake hawajaulizwa.

Na hakuishia kwenye kujulikana. Mwaka huo huo wa 2008 yeye na wenzake walianzisha chama cha Picha na maonyesho makubwa ya kila baada ya miaka miwili, ili wasanii wa nje waje Lubumbashi pia. Njia ikawa na pande mbili.

Rehema Chachage, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987, anaonyesha njia tofauti ya kusafiri. Amesoma Cape Town, London na Vienna, na hutumia video, sauti na harufu. Lakini malighafi yake kuu ni wanawake wa ukoo wake: bibi, na mama yake, mwandishi Demere Kitunga, ambaye hushirikiana naye kuandika na kukusanya masimulizi. Anapokaa ugenini hageuki kuwa mchoraji wa theluji. Anabeba nyumba yake na kuijenga upya kwenye chumba cha watu. Wasomaji wa hapa huenda wanamfahamu zaidi marehemu baba yake, Profesa Seithy Chachage wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwandishi wa riwaya ya Makuadi wa Soko Huria, aliyechambua mapema swali la nani anamiliki haki za madini katika nchi hii.

Wengine mahali huwashika kupitia kitu cha kushika. Michael Armitage, Mkenya aliyesomea London, aliacha turubai ya kawaida akachora juu ya lubugo, gome la mti la Waganda, pamoja na mashimo na mishono yake. Ibrahim Mahama wa Ghana hushona magunia ya juti yaliyochakaa kwa kubeba kakao na makaa, akafunika nayo majengo mazima. Kazi kama hiyo ikisimuliwa Buseresere, mtu huangalia upya alivyo navyo uani: viroba vilivyotoboka, mipira ya maji iliyopasuka, vyuma vya karasha vilivyolika hadi kung'aa, matimba yaliyotolewa kwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, la zamani, udongo mwekundu na vumbi jeupe la mawe. (Kuna fundi mmoja wa mabango hapo nyuma anacheka. Yeye huchanganya rangi kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, na hajawahi kualikwa popote.)

Filamu nayo imeshuka mgodini. Mwaka 2002 msanii Mwingereza Steve McQueen alionyesha Western Deep, iliyopigwa ndani ya TauTona, mgodi wa Afrika Kusini uliokuwa miongoni mwa yenye kina kirefu kuliko yote duniani. Mwanzoni mtazamaji anakaa gizani akisikia lifti ikishuka tu. TauTona ulikuwa wa AngloGold, kampuni ambayo, baada ya kuungana na Ashanti mwaka 2004, ndiyo inayomiliki Mgodi wa Geita. Anayetaka kuchora Geita hana budi kujua kwamba shimo hilo lina ndugu.

Hoja ya tatu: Urefu wa kukaa hubadilisha haki ya kutazama

Mwaka 1986 Mbrazili Sebastião Salgado alipiga picha mgodi wa dhahabu wa Serra Pelada: maelfu ya wanaume waliolowa tope, kila mmoja na mfuko mgongoni, wakipanda ngazi za miti kutoka kwenye shimo kubwa. Picha hizo zimezunguka dunia nzima. Zina nguvu, na asiyezijua azitafute. Lakini katika zile maarufu zaidi wanaume wale hawana majina. Mtazamaji wa London anaona umati. Mtu wa Lwamgasa au Nyarugusu akiziona atauliza maswali mengine kabisa: mwenye duara ni nani, mgawo ukoje, na yule aliyeshika nguzo pembeni mbona kama amechoka kuliko wengine?

Sasa mwekeni pembeni yake Mmarekani W. Eugene Smith. Mwaka 1971 yeye na mkewe Aileen walihamia Minamata, mji wa wavuvi wa Japani, ambako kampuni ya Chisso ilikuwa imemwaga baharini taka zenye zebaki. Ugonjwa ulikuwa umetambuliwa rasmi tangu mwaka 1956, na watu walikuwa bado wanahangaikia fidia. Walikusudia kukaa miezi mitatu. Walikaa miaka mitatu. Walipanga nyumba hapo mjini, wakaishi na majirani waliougua. Januari 1972 Smith alipigwa vibaya na watu wa kampuni alipokuwa akifuatana na wagonjwa kwenye mgogoro wao, na macho yake yaliathirika. Hakuwa kwenye ukaazi wenye barua ya mwaliko, lakini aliyoyafanya ndiyo ukaazi wenyewe hasa.

Picha inayokumbukwa kuliko zote inamwonyesha mama akimwogesha binti yake, aliyedhurika na zebaki tangu tumboni. Ilichapishwa na kuchapishwa tena, na iliisaidia sana dunia kuelewa. Binti huyo alifariki. Miaka ikapita, na wazazi wakachoka kuona mwili wa mtoto wao ukibandikwa kila mahali. Mwaka 1998 Aileen aliwarudishia uamuzi juu ya picha ile, na ikaacha kutolewa kwa matumizi mapya. Wapo wakusanyaji wa sanaa walionung'unika. Kwa maoni ya mhadhara huu Aileen alifanya haki, na haki hiyo iliwezekana kwa sababu aliwajua wazazi wale kwa kukaa nao.

Zebaki si habari ya Japani peke yake. Lwamgasa, si mbali na hapa, kati ya mwaka 2002 na 2007 ilikuwa sehemu ya mradi wa Umoja wa Mataifa wa kupunguza zebaki kwa wachimbaji wadogo, uliohusisha nchi sita. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa zebaki, unaobeba jina la mji ule ule wa Minamata. Kisayansi kuna tofauti ya kukumbuka: kule sumu iliingia kwa kula samaki, hapa, zaidi, kwa kuvuta mvuke wakati wa kuchoma, mara nyingine kwenye jiko la nyumbani, mtoto akiwa mgongoni. Msanii atakayekuja kutazama hilo atavutwa na moshi, na mwanga, na uso wa mama. Asikatazwe. Lakini asiruhusiwe siku ya kwanza.

Njia ya kutazama bila kunyang'anya ipo, na Mtanzania ameionyesha. Everlyn Nicodemus, mzaliwa wa Marangu mwaka 1954, aliyehamia Sweden akiwa kijana, miaka ya 1980 alikutana na vikundi vya wanawake Denmark, Tanzania na India. Alikaa nao, wakazungumza maisha yao, kisha akachora kutokana na mazungumzo hayo. Mfululizo aliuita Woman in the World. Turubai hazikuwa picha za nyuso zao. Aliyesema alibaki na uso wake.

Hoja ya nne: Kinachobaki

Kati ya mwaka 1973 na 1974 mchoraji wa mtaani wa Lubumbashi, Tshibumba Kanda-Matulu, alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya Zaire kwenye picha 101, huku akimweleza kila moja kwa Kiswahili cha Katanga. Fabian alizinunua, akarekodi mazungumzo, na mwaka 1996 akatoa kitabu kinachompa mchoraji nafasi ya mwanahistoria. Ni heshima ambayo wengi wa rika lake hawakuipata. Hata hivyo mchoraji mwenyewe alitoweka mapema miaka ya 1980, na picha zake zikaishia makumbusho ya Amsterdam. Mwanafunzi wa Lubumbashi anayetaka kuiona historia ya nchi yake kwa mkono wa jirani yake atafute viza kwanza.

Fabian hakufanya ubaya. Lakini hakuna aliyeandika masharti.

Lusanga, magharibi mwa Kongo, walijaribu kuyaandika. Huko kulikuwa na mashamba ya michikichi ya kampuni ya Unilever. Mwaka 2014 wafanyakazi wa mashamba waliunda umoja wao wa sanaa, CATPC, wakishirikiana na Mholanzi Renzo Martens. Wanafinyanga sanamu kwa udongo. Nakala zake hutengenezwa Ulaya kwa chokoleti, yaani kwa mazao ya mashamba kama yale yale, na kuuzwa. Fedha zimenunua ardhi, takribani hekta 200 kwa maelezo yao, wanayoipanda upya miti na chakula. Mwaka 2024 waliiwakilisha Uholanzi kwenye maonyesho ya Venice. Wapo wanaosema Mholanzi huyo amejinufaisha, na ni haki ubishi huo uendelee. Lakini hekta ni hekta. Hazipakiwi kwenye sanduku zikaondoka.

Mahama, yule wa magunia, alichukua mapato ya kazi zilizouzwa ng'ambo akajenga kituo cha sanaa Tamale, kaskazini mwa Ghana, kilichofunguliwa mwaka 2019. Tamale si Accra. Iko mbali na mji mkuu kama sisi tulivyo mbali na Dar es Salaam, na watoto wa shule huingia kituoni humo bure.

Mfano wa karibu kuliko yote uko ng'ambo ya ziwa letu. Collin Sekajugo alianzisha Ivuka mjini Kigali mwaka 2007, kisha akaelekeza nguvu zake kijiji cha Ndegeya, karibu na Masaka nchini Uganda, ambako wasanii hualikwa kukaa na kufanya kazi pamoja na wanakijiji. Mwaka 2022 yeye na Acaye Kerunen waliibeba Uganda iliposhiriki Venice kwa mara ya kwanza. Tanzania ilifuata mwaka 2024. Kutoka hapa hadi Masaka ni safari ya basi kupitia Bukoba na Mutukula. Wafanyabiashara wa ndizi na samaki waliomo humu wanaijua kwa mashimo yake yote.

Mbele ya safari

Kutokana na hayo, yapo mambo yanayoweza kuanza kiangazi kijacho bila kungoja jengo wala mfadhili.

Tuanze na ziwa. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, kazi iliyoanzishwa na Padri David Clement kutoka Kanada, iko Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lenye urefu wa kilomita 3 lifunguliwe mwaka 2025, hakuna tena kungoja kivuko kati yetu na Mwanza. Mchoraji mmoja kutoka Mwanza au Masaka, na mmoja wa hapa hapa Buseresere, wakipewa chumba kimoja na mwezi mmoja, wanatosha kuwa jaribio. Posho zao ziwe sawa. Mgeni asipewe zaidi kwa sababu amepanda basi.

Pili, mafundi wa mabango wajiunge kuwa kikundi na wajisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hakuna kifungu kinachosema brashi si nyenzo ya kazi kama cherehani. Maafisa maendeleo ya jamii waliokaa upande ule waulizwe leo, kabla hawajaondoka.

Tatu, na hapa mhadhara unaomba subira ya wasiopenda karatasi, uandikwe mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Nakala ya kila picha na kila sauti ibaki shuleni au ofisi ya kata. Kila aliyezungumza aandikwe jina akitaka, lisiandikwe asipotaka. Sura ya mtoto isipigwe bila mzazi kuona picha yenyewe, na ruhusa iweze kuondolewa baadaye, kama Minamata. Kazi ikiuzwa, sehemu itakayokubaliwa irudi kwenye studio ya hapa. Mgeni akae wiki moja kabla ya kutoa kamera. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda msanii. Aliyesimuliwa ndani ya kazi yake inamlinda kidogo sana, ndiyo maana karatasi hiyo inahitajika.

Nne, vijana wetu waanze kuomba nafasi za nje. Maombi hudai picha za kazi zilizopigwa kwa mwanga mzuri, maelezo mafupi ya nia, na pasipoti isiyokaribia kuisha. Walimu wa Kiingereza na Kifaransa wa hapa wanaweza kusaidia kuandika maelezo hayo jioni. Picha za kazi hazihitaji studio: ukuta mweupe, saa tatu asubuhi, simu iliyofutwa kioo.

Kilichosalia kuamuliwa ni chumba kipi, ukuta upi wa kuanzia, na nani atashika ufunguo. Rasimu ya mkataba iko mezani kwa katibu, na imeachwa nafasi pembeni kwa ajili ya masahihisho. Kipindi cha maswali kinaanza sasa, na mafundi wa mabango wameombwa watangulie, kisha wenye maduara, kisha walimu.